Homa ya Simu ya Kinyozi

Umma wote unatangaziwa, wenye simu moja, wenye simu mbili, na wale wanaoazima za wenzao kwa ahadi ya "dakika moja tu", kwamba katika chumba cha tatu kulia ukiingia uchochoro wa mafundi, baina ya mshona mapazia na mkata vioo vya madirisha, anakaa mganga mkuu wa homa za simu. Hana koti jeupe. Hana cheti ukutani, kwa kuwa ukuta umeliwa na rafu za simu zilizokufa. Hana katibu wala muhuri. Ana mikono miwili tu, na hasa ana mgongo wa mkono wa kulia, ambao kwa mujibu wa tangazo hili ni chombo rasmi cha kupimia joto, ingawa serikali haijaarifiwa.

Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Mtaa mzima unamwita Jokofu.

Ukimpelekea simu iliyopata joto, hakuulizi maswali. Anaichukua, anaigeuza, anaiwekea mgongo wa mkono kama mama anayempima mtoto homa. Joto likiwa chini, penye tundu la chaji, basi waya wako ni wa kuokota au tundu limejaa vumbi la mfukoni. Joto likiwa katikati, ni betri, na hapo atakwambia, "Iache hapa, usilale nayo." Likiwa juu, karibu na kamera, ni prosesa, yaani akili yenyewe ya simu. Hapo Jokofu huvuta kiti akakaa, maana hayo ndiyo maradhi anayoyapenda.

Jina lilikuja hivi. Miaka kumi na moja iliyopita, alipokuwa ndiyo kwanza amefungua chumba, mwalimu mmoja wa hesabu alimletea simu iliyokuwa inachemka mpaka inajizima. Fundi wetu alifikiri kama wanavyofikiri watu wenye akili timamu: kitu kina moto, kitie baridi. Akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akavuka njia, akamwomba muuza vinywaji, akaisundika ndani ya jokofu katikati ya chupa. Robo saa. Ilitoka imetulia kama askari kwenye gwaride. Akaiweka mezani, na mchana ule ulikuwa wa joto. Kule ndani, mahali jicho halifiki, simu ikaanza kutoka jasho. Matone yale yale yanayojipanga kwenye chupa ya maji baridi yakajipanga juu ya saketi. Jioni mwalimu aliichukua akishukuru. Asubuhi aliirudisha ikiwa jiwe.

Sasa, uchochoroni kuna sala ambayo kila fundi simu huikariri mbele ya mteja mwenye hasira: "Ilikuja imekufa." Yeye hakuikariri. Alitoa laini kwenye simu yake mwenyewe, akamkabidhi mwalimu ile simu, akakaa miezi minane bila chochote. Fundi simu asiye na simu! Ni kama muuza viatu anayetembea pekupeku. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni kinyozi na kwa hiyo ana ulimi wa kazi hiyo, hakuhitaji zaidi. Kufikia Ijumaa kila kichwa kilichonyolewa kilikuwa kimeondoka na hadithi na jina.

Fundi alilisikia jina, akanunua kopo la rangi, akaliandika mlangoni kwa herufi za futi moja: JOKOFU, FUNDI SIMU.

"Nimeshaliandika mwenyewe," alimwambia shemeji yake. "Tafuta tusi lingine."

Ile miezi minane aliitumia kufungua simu zilizokufa, moja baada ya nyingine, akizisoma matumbo. Ndiyo maana leo hata wale wa duka la vioo barabara kuu, wenye sare na viyoyozi, huja kwake kwa mlango wa nyuma wakiwa wamefunika simu kwa gazeti.

Jokofu ana mume na ana binti. Mume ni mpishi wa kambi ya wajenga barabara, safari ya siku mbili kutoka nyumbani, na likizo yake huangukia miezi ambayo hata mpira wenyewe uko likizo. Binti ana miaka kumi na saba na ndiye kipa wa timu ya wasichana ya mtaa; mtaani anaitwa Kipa, na mwalimu mkuu naye aliwahi kumwandika hivyo kwenye ripoti. Kwa misimu mitatu baba alikuwa hajamwona mwanawe akicheza isipokuwa kwa njia moja: simu ya kinyozi. Kila Jumamosi kinyozi huacha mkasi, hutega simu pembeni mwa uwanja na kurusha mechi mubashara, akitangaza kwa sauti inayoweza kuufanya mpira wa kurusha usikike kama tetemeko la ardhi. Ana wafuasi elfu mbili na ushei, wengine hai. Kule kambini baba huegemeza simu yake kwenye kopo la chumvi, na kila mwenye njaa husubiri.

Kwenye nusu fainali mambo yaliharibika. Kipindi cha pili picha ilianza kukwama, ikawa inakwenda kama mtu anayekuonyesha albamu: mpira katikati, kimya, mpira golini, kimya, mwamuzi ameinua mkono. Kipa aliokoa mkwaju wa penalti dakika ya mwisho na timu ikaingia fainali. Jioni baba akapiga.

"Nilikuona umesimama golini, mwanangu. Kisha nikaona watu wamekubeba."

"Basi umeona mwanzo na mwisho, baba," alisema Kipa. "Inatosha." Akampa mama yake simu, akaingia chumbani akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ingekuwa nafuu.

Fainali ilikuwa Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana. Baada ya hapo Kipa angekuwa anamaliza shule, timu ile ingekuwa ya wadogo zake, na baba angekuwa amekosa yote. Jokofu alikaa na sahani mapajani bila kula. Asubuhi yake alikwenda kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa na mteja aliyefika nusu kichwa.

"Shemeji, lete simu."

"Watu husalimiana kwanza, shemeji."

"Hujambo. Lete simu."

"Ni mtandao ule," alisema kinyozi, akiitoa mfukoni shingo upande. "Mnara wenyewe ni wa enzi za babu. Ukipiga chafya unakatika."

Jokofu aliweka mgongo wa mkono juu, karibu na kamera. Simu ilikuwa haifanyi kazi yoyote na bado ilikuwa na uvuguvugu. "Yako haikukatika. Ilianza kukwama taratibu, ikazidi kukwama kadiri jua linavyoipiga. Mnara gani huo unaochagua kuumwa wakati simu yako inaota jua?"

Mwenye nusu kichwa akacheka. Kinyozi akamgeuza shingo kwa nguvu kidogo.

"Shemeji, simu hii inapata moto kwa sababu ina nguvu. Umeshaona injini ya baridi ikaenda popote?"

"Injini ina rejeta. Yako ina koti."

Kweli ilikuwa na koti. Kava la ngozi nene, lenye kifuniko cha sumaku na mifuko, na ndani ya mifuko kadi nne, picha mbili za pasipoti na wembe mpya ambao haujafunguliwa.

"Kaka yako anapikia watu themanini," alisema Jokofu. "Ziba madirisha yote ya jiko lake. Mvalishe koti la baridi. Kisha mwambie apike haraka zaidi. Atafanyaje?"

"Atatukana."

"Kisha?"

"Atapunguza mwendo."

"Na asipopunguza?"

"Ataanguka, shemeji, si unamjua kaka?"

"Prosesa nayo ni hivyo. Haikuharibika. Imejipima joto, ikaona ikiendelea itaungua, ikajipunguzia kazi. Nusu ya mwendo, baadaye robo. Na wewe hapo juu yake unataka picha ya ubora wa mwisho, mwanga wa kioo mpaka juu, na betri ya akiba imening'inia inaichaji. Simu yako ina adabu. Ningekuwa mimi ningelipuka mkononi mwako."

"Wataalamu walioitengeneza hawakuliona hilo?"

"Wataalamu waliitengeneza ofisini, penye kiyoyozi. Hawakujua kuna kinyozi."

Kinyozi akasema neno la mwisho, kwa heshima kama mzee anayezungumza na wachumba wa bintiye: "Hii simu haijawahi kuguswa na bisibisi."

Jokofu hakubishana. Alimwomba tu nusu saa ya mchana, kwenye ngazi za nyuma ya chumba cha kinyozi, zinazopigwa na jua. Kulikuwa na tanki la maji lenye bomba linalovujia ndoo, tone kwa tone, na kinyozi alikuwa anaahidi kulitengeneza tangu mwaka juzi. Wakatega simu na koti lake, ikarekodi matone. Kisha wakaketi kivulini kutazama walichokamata. Dakika za mwanzo tone lilishuka, tone likafuata, sawasawa. Dakika ya kumi na nane likatoka tone, likaning'inia hewani, likapotea, na ndoo ikawa imejaa zaidi. Kufikia dakika ya ishirini na tano bomba lilikuwa linatoa maji kwa mkono wa birika.

"Hilo tone limekwenda wapi?" aliuliza kinyozi.

"Huko huko iliko penalti ya mwanao."

Katika ukoo ule mtoto wa kaka ni mwanao, hakuna kupunguza. Kinyozi alivua kadi moja moja, picha, wembe, kisha akavua kava, akaikabidhi simu kwa mikono miwili. "Lakini nitakuwepo ukiifungua."

Alikuwepo. Alisimama mlangoni akiwa ameziba macho kwa vidole vilivyoachana. Jokofu alipasha mgongo wa simu, akaubandua, akafika kwenye bamba dogo linalofunika prosesa. Chini yake kulikuwa na ile dawa ya kupitisha joto, ambayo ikiwa mpya hufanana na dawa ya meno; hii ilikuwa imekauka, imepasuka kama tope la kiangazi. Akaikwangua, akapaka mpya, akafunga. Kisha akachukua kifuniko cha sufuria kubwa ya nyumbani, cha alumini, akakikata kwa mkasi wa bati na kukitoboa tundu la kamera, ili kibane mgongo wa simu na kunyonya joto. Nyuma yake akafunga kifeni kilichotoka kwenye kompyuta ya marehemu fulani. Akashusha ubora wa picha ngazi mbili, akapunguza mwanga, akafuta programu ishirini na tatu zilizokuwa zinakimbia kwa siri, sita kati yake za kutabiri nyota.

Wakarudi kwenye bomba na mwavuli mweupe. Dakika hamsini. Kinyozi alihesabu kila tone kwa sauti, kama karani wa uchaguzi mwaminifu, jambo ambalo ni nadra. Halikupotea hata moja.

Jumamosi uwanja ulijaa. Simu ilikaa juu ya miguu mitatu, chini ya mwavuli, na sufuria mgongoni. Watu hawakumwacha Jokofu.

"Jokofu, unapika au unarusha mechi?"

"Mmeipeleka simu harusini? Mbona ina mwavuli na wapambe?"

"Cheka tu," alijibu. "Yako nitaiona Jumatatu."

Wakati wa mapumziko timu ilikuwa inaongoza moja bila. Mwenyekiti wa timu, mtu ambaye hutumia kipaza sauti hata akinunua kiberiti, alikuja na ndoo ya barafu. "Wananchi! Jokofu sasa anapewa barafu!"

"Barafu wape wachezaji kwenye magoti," alisema Jokofu. "Simu hii haitaguswa na tone la maji mimi nikiwa hai." Kwa jinsi alivyosema, mwenyekiti alizima kipaza sauti. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuliona hilo tena.

Dakika ya sabini na mbili kifeni kilinyamaza. Jokofu alikipiga kofi, kikazunguka mara mbili, kikafa moja kwa moja. Hata marehemu mwenye kompyuta asingekidai zaidi. Jua nalo lilikuwa limesogea na kuingia chini ya mwavuli. Akaweka mgongo wa mkono. Bado. Lakini joto lilikuwa linapanda.

"Shusha mwanga wa kioo mpaka mwisho," alimwambia kinyozi.

"Sitaona ninachorusha!"

"Una macho. Tazama uwanja, tangaza, simu usiishike."

Joto lilikuwa limekusanyika kwenye kile kifuniko, na kifuniko kilikuwa mgongoni mwa simu, upande wa kamera, upande unaotazama uwanja. Kukipepea kulikuwa na njia moja tu: kuchuchumaa mbele ya simu, chini ya jicho la kamera, ukiitazama simu na kuupa mpira mgongo. Jokofu alirarua upande wa boksi la maji ya chupa, akachuchumaa, akaanza kupepea. Akiinuka, kichwa chake kingeziba goli. Akigeuka, mkono ungelegea, na alikuwa ameshajua tone linakwenda wapi mkono ukilegea.

Dakika ya themanini na nane filimbi ikalia. Uwanja mzima ukaguna kama mtu mmoja.

"Penalti," alisema kinyozi, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. "Wametupatia penalti, watazamaji. Yaani wamepewa wao. Kipa wetu yuko mstarini." Akainama. "Shemeji, geuka. Ni mwanao."

"Tangaza."

"Sekunde moja tu, jamani, shemeji!"

"Kaka yako hakununua bando la sekunde. Tangaza!"

Akapepea. Magoti yalikuwa yanawaka, jasho linaingia machoni, mgongo wa mkono uko kwenye ukingo wa simu, unasikiliza joto kama vile sikio linavyosikiliza mlango. Akiwa hana pa kutazama, alimtazama kinyozi usoni. Akaona macho yakifuata kitu kutoka mbali, polepole, kisha ghafla. Akaona mdomo ukifunguka, mpana, na ndani yake hamna neno. Miaka ishirini ya kumjua mtu yule, hakuwahi kuona mdomo ule ukiwa wazi na mtupu.

Halafu uwanja ukalipuka, na mwenyekiti akawasha tena kipaza sauti, na hiyo ndiyo adhabu ya furaha.

Jokofu aliendelea kupepea. Alipepea dakika ya themanini na tisa, ya tisini, na nyingine nne ambazo mwamuzi alizitoa nyumbani kwake. Filimbi ya mwisho ilipolia, alibonyeza mwenyewe kusitisha matangazo, ndipo akajaribu kusimama, magoti yakakataa, akakaa chini kwenye nyasi kama mzigo. Simu ilikuwa ya moto, lakini moto wa mtu aliyefanya kazi, si wa mgonjwa. Kule uwanjani walikuwa wamemwinua Kipa mabegani, glavu mbili kubwa zikipunga juu ya vichwa. Mama yake aliziona glavu, akazitazama kwa muda mrefu, kidevu juu, kama mtu ambaye amezishona mwenyewe.

Simu yake ikaita. Ilikuwa ni kutoka kambini. Aliibonyeza na kabla hajasema haloo sauti za wanaume themanini zikamwagika, na kati yake sauti ya mumewe, imepasuka, inalia bila aibu.

"Mama Kipa! Mke wangu! Haikukwama! Haikukwama hata mara moja! Nimeona yote. Nimewaambia wote hapa wavue kofia. Sikia, nakwambia mbele ya mashahidi: nimekula chumvi nyingi, nimeona mengi, lakini mtoto yule alivyongoja, alivyomtazama yule wa kupiga mpaka akababaika, halafu akaruka kulia, mwili mzima hewani, akaugusa kwa ncha ya vidole, ukapiga mwamba ukatoka... Mke wangu, wewe si fundi, wewe ni profesa! Watu themanini wamesimama hapa kwa ajili yako, mkuu wa kambi naye amesimama, wanataka neno. Sema neno, mama Kipa! Uliona alivyoruka kulia?"

Jokofu alifuta uso kwa mkono.

"Kulia kwake au kulia kwako?"